Marehemu Hana Mali

"Nyumba hii isiuzwe." Katika maneno yote ambayo wazee wa Ngamiani huyaacha nyuma yao, hili ndilo ninaloletewa mara nyingi kuliko jingine. Huletwa na watoto wao, wiki chache baada ya arobaini, pamoja na cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha familia na bahasha ya risiti za zamani za kodi ya jengo. Hukaa barazani, wakapewa maji, kisha mkubwa wao huanza: "Mwalimu, baba alisema nyumba isiuzwe." Nami hutoa jibu lililonipa sifa ya ukali mtaani: baba yenu hana nyumba.

Mimi si sheikh wala si hakimu. Nilifundisha hesabu sekondari hapa Tanga mpaka nikastaafu. Elimu ya mirathi niliipata kwa babu yangu, aliyekuwa akisomesha faraidhi chuoni kwake baada ya alasiri, kwa kile kitabu cha mashairi cha Rahabi ambacho wanafunzi hukihifadhi kwanza na kukielewa baadaye. Darasani nilikuwa msichana peke yangu, kwa kuwa nilikuwa mjukuu na hapakuwa na mtu wa kuniangalia nyumbani. Ndiyo maana watu huja kwangu wapigiwe hesabu, kisha huenda mahakama ya mwanzo na msimamizi wao wa mirathi. Sitozi kitu. Wenye adabu zao hurudi na sukari.

Ukali wangu hautoki kwangu. Pumzi ikikatika, mali imeshatoka mkononi. Haingoji maziko, haingoji arobaini, haingoji muhuri wa hakimu. Marehemu anabakiwa na mambo matatu tu: sanda na gharama za kumzika, madeni yake, na wasia usiozidi theluthi ya kinachobaki baada ya hayo, tena kwa mtu asiye mrithi. Kilichosalia kimekwisha kuwa cha wenyewe, na mafungu yao yametajwa katika Suratun Nisaa: nusu, robo, thumni, theluthi mbili, theluthi, sudusi. Kwa hiyo "nyumba isiuzwe" ni amri ya mtu asiye na mali juu ya mali ya watu wengine. Watoto wakitaka kuitii kwa mapenzi yao, na wote wakaridhika, ni hiari njema. Lakini akitokea mmoja, mara nyingi yule mdogo anayepanga chumba Dar es Salaam, akasema anataka fungu lake, hakuna wa kumwambia kwamba amevunja agizo la baba. Baba hakuwa na agizo la kutoa.

Najua yanavyosikika haya kwa mtu mwenye msiba. Mzee amejenga chumba kwa chumba, bati kwa bati, kwa mshahara wa bandarini au wa reli. Ameweka mlango wa mninga. Halafu mwanamke mwenye daftari anakuja kusema kwamba kauli yake kuhusu mlango ule haina uzito. Lakini nimefikiri sana juu ya jambo hili, na kila ninavyolifikiri ndivyo ninavyoona kuwa hapa dini imefanya kitu kikubwa kuliko kugawa mali. Imemnyang'anya mtu silaha ya mwisho. Mtu aliye hai huweza kuwatawala watoto wake kwa mapenzi, kwa fedha, kwa kununa, kwa radhi. Kama angeweza pia kuwatawala kwa mirathi, ugonjwa wake wa mwisho ungekuwa mnada: nani kaja na supu, nani hakuja, nani kamsifu, nani kamkumbusha makosa yake. Saad bin Abi Waqqas, alipougua Makka akiwa na mali nyingi na binti mmoja, alimwomba Mtume ruhusa ya kuitoa theluthi mbili ya mali yake sadaka. Akakataliwa. Akaomba nusu, akakataliwa. Akaomba theluthi, akaruhusiwa, huku akiambiwa kwamba hata hiyo theluthi ni nyingi. Na huyo alitaka kutoa sadaka! Sembuse anayetaka kumkomoa mwanawe.

Urithi basi si zawadi. Zawadi inataka mtoaji ambaye angeweza kuacha kutoa. Mrithi hapewi na marehemu. Anapewa kwa sababu ya mahali alipo: ni mke, ni mume, ni mama, ni binti. Hakuna anayeuliza kama amestahili. Mrithi aliye safi kabisa kwa maana hii ni yule aliye tumboni. Mjane akiwa na mimba, wanazuoni wanataka mgawo ungoje, au angalau fungu la mtoto liwekwe kando mpaka azaliwe hai. Kiumbe ambacho hakijamwamkia mtu wala kumpelekea mtu uji tayari kinamzuia ami yake mwenye ndevu asiguse mali. Na upande wa pili yupo mtoto aliyeondolewa radhi mbele ya ukoo mzima, aliyeambiwa asikanyage uani. Huyo naye anarithi, sawasawa na ndugu zake. Wazazi huwa hawaamini nikiwaambia. Wamezoea kusema "sitakuachia hata kijiko", kumbe vijiko si vyao vya kuacha.

Yapo yanayomwondoa mtu: kuua, tofauti ya dini, na zamani utumwa. Juu ya kuua, madhehebu yetu ya Shafii ni magumu kuliko mengine, kwani hata aliyeua bila kukusudia harithi. Nimewahi kuulizwa habari ya kijana aliyekuwa akiendesha gari lililopinduka na baba yake akafa humo. Hapo nilifunga daftari nikawaambia waende kwa masheikh. Kuna hesabu ambazo sina moyo wa kuziandika.

Deni ninalolitafuta kwanza ni mahari. Watoto hushtuka: mama anamdai baba? Anamdai, ndiyo, kama mahari ilibaki, na deni lake linatangulia mafungu yote. Wajane wengi wa umri wangu waliahidiwa shilingi mia tano miaka ile ya sabini, fedha ya kujivunia wakati huo, hawakuipata, wakaona haya kuidai kwa maisha yote ya ndoa. Leo mia tano hainunui soda. Mwana wa kwanza huitoa sarafu mfukoni akicheka ili amalizane nalo. Mimi sicheki. Masheikh wana maneno yao kuhusu thamani ya fedha iliyoporomoka, na wanahitilafiana. Kwa maoni yangu mama yule aliahidiwa kitu cha thamani fulani, na watoto wenye haya wangekitafuta kitu hicho, hata kama sheria inawaruhusu kutoa sarafu.

Sasa hesabu yenyewe, na msomaji anivumilie, kwa sababu hapa ndipo penye utamu kwangu.

Mtu amekufa, ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke ana thumni. Mabinti wana theluthi mbili. Baba sudusi, mama sudusi. Tafuta kigawe kidogo cha shirika: ishirini na nne. Mke 3, mabinti 16, baba 4, mama 4. Jumlisha. Inakuja 27. Mafungu ishirini na saba katika ishirini na nne! Mwanafunzi wa kidato cha pili angeambiwa arudie swali. Inasimuliwa kwamba Ali bin Abi Talib aliulizwa hili akiwa juu ya mimbari, akajibu papo hapo, bila kukatiza hotuba, kwamba thumni ya mke imekuwa tusui, yaani moja ya tisa. Maana yake amechukua 27 akaifanya ndiyo asili ya mgawo, na kila mtu akapungukiwa kwa kadiri yake: 3 katika 27 ni moja katika tisa. Wanazuoni wanaliita jambo hili aul. Lilianza zama za Khalifa Umar, kwa mwanamke aliyeacha mume na dada wawili: nusu na theluthi mbili, sita ikazidiwa ikawa saba.

Ibn Abbas hakukubali. Alishika hoja ambayo mwalimu yeyote wa hesabu angeipenda: Mwenye kujua idadi ya chembe za mchanga hawezi kuweka katika mali moja sehemu zinazozidi mali yenyewe. Kwake yeye, wapo wenye haki ya kutangulizwa na wapo wa kurudishwa nyuma, na hao wa nyuma ndio wapunguziwe. Mashia wamebaki na rai iliyo karibu na hiyo mpaka leo. Masunni wakamfuata Umar.

Nilipokuwa msichana nilikuwa upande wa Ibn Abbas. Niliona aibu kwamba sehemu za Mungu zinazidi moja. Babu hakunigombeza, aliniuliza tu, mtu akifa anadaiwa laki tatu na ameacha laki mbili, je, madeni ni ya uongo? Ilinichukua muda kuelewa alichokuwa akinionyesha. Mafungu yale si vipande vilivyokatwa tayari, ni haki. Haki za watu zinaweza kuzidi kilichopo, na zikizidi hazifutwi, zinabanana. Hakuna anayeambiwa "wewe toka nje". Mke anapungukiwa, mama anapungukiwa, mabinti wanapungukiwa, na wote wanabaki ndani. Tangu hapo sijaona aibu tena kwa 27 juu ya 24. Naona kwamba dunia mara nyingi huwa hivyo, haki ni nyingi kuliko bati.

Lipo swali jingine, la punda, nililolipenda zaidi kwa jinsi wanafunzi wa babu walivyokuwa wakilicheka. Mwanamke amekufa, ameacha mume, mama, ndugu wa kwa mama, na ndugu wa baba mmoja mama mmoja. Mume nusu, mama sudusi, ndugu wa kwa mama theluthi. Tatu na moja na mbili ni sita, mali imekwisha. Ndugu wa tumbo moja na baba mmoja, ambao ni wa karibu zaidi, hawana fungu lililotajwa; wao ni asaba, huchukua kinachobaki, na hapa hakuna kilichobaki. Wakaenda kwa Umar. Alikuwa amewahi kukata shauri kama hilo kwa kuwanyima. Safari hii wakamwambia: chukulia kwamba baba yetu alikuwa punda, je, mama yetu si mmoja? Umar akawashirikisha katika ile theluthi. Alipoulizwa mbona mwanzo aliamua vingine, akajibu kwamba ile ilikuwa kwa tulivyoamua, na hii ni kwa tunavyoamua. Mahanafi hawakuifuata hukumu hiyo ya pili. Sisi Mashafii tumeifuata, na ndiyo inayotumika pwani yote hii.

Watu husema faraidhi ni kavu, namba tupu. Mimi naona humo watu waliosimama mbele ya khalifa wakamfanya baba yao punda ili waingie katika theluthi ya mali ya dada yao, na khalifa aliyekubali kuwasikiliza.

Mwalimu mwenzangu, Msambaa, Mwanglikana, tuliyekaa naye ofisi moja ya walimu miaka mingi, alikuwa akinitania kwamba dini yangu imegeuza msiba kuwa mtihani wa taifa. Siku moja nilimwuliza ya kwake inasemaje. Akanisomea Luka, sura ya kumi na mbili: mtu mmoja katika mkutano anamwomba Yesu amwambie ndugu yake amgawie urithi, naye Yesu anamrudisha kwa kuuliza ni nani aliyemweka kuwa mgawanyaji juu yao, kisha anaanza kusema juu ya choyo. Nikamwambia, huyu mtu huenda alikuwa amedhulumiwa! Yeye akasema ndiyo, huenda, lakini hata aliyedhulumiwa ana choyo chake. Tulibishana mpaka kengele ikalia. Bado sijui kama namkubali. Naelewa kwamba mwalimu wa roho anaweza kukataa kuwa karani wa mirathi. Mali ikigawanywa kwa haki kabisa, ndugu wanaweza kutoka humo wakiwa wamechukiana vilevile, na nimewaona. Lakini kukataa kugawa si kuacha mambo bila mgawo. Anayekataa anamwachia aliye na nguvu, na kwetu hapa aliye na nguvu ni kaka mkubwa au ami.

Ndiyo maana navutiwa na jambo ambalo sijaliona likitajwa mimbarini wala madhabahuni. Katika vitabu vyote viwili, sheria ya mirathi ilishuka baada ya wanawake kusimama na kulalamika. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya ishirini na saba, ni mabinti watano wa Selofehadi: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Baba yao kafia jangwani bila mwana wa kiume. Wanakuja mbele ya Musa, mbele ya kuhani, mbele ya mkutano wote, wanauliza kwa nini jina la baba yao lifutike. Musa hakuwa na jibu, akalipeleka shauri kwa Mungu, na jibu likawa kwamba mabinti wamesema kweli. Madina, baada ya vita vya Uhud, ni mjane wa Saad bin Rabii. Anakuja kwa Mtume na mabinti zake wawili: baba yao ameuawa, ami yao amechukua kila kitu, na mabinti hawaolewi bila mali. Aya ikashuka. Ami akaitwa, akaamriwa awape mabinti theluthi mbili na mama yao thumni, kilichobaki ndicho chake. Ukipiga hesabu, ami aliyekuwa na 24 akabaki na 5.

Sheria zilizokuja hazikuwapa wanawake wale kila kitu. Sura ya mwisho ya Hesabu, wazee wa kabila wanarudi na hofu yao: mabinti wakiolewa nje, ardhi itahama. Mabinti wakaamriwa waolewe ndani ya kabila la baba yao. Hofu hiyo sikuhitaji kuisoma ili niijue. Ni ileile iliyokuwamo katika tangazo la sheria za kimila la mwaka 1963 hapa Tanzania Bara, lililomweka mwana wa kiume wa kwanza daraja la kwanza, wana wengine la pili na mabinti la tatu, na likamruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo lakini si kuiuza maadamu wapo wanaume wa ukoo. Mwaka 1988 mwanamke mzee wa Muleba, mkoani Kagera, aliuza kibanja alichorithi kwa baba yake kwa wasia halali. Alikuwa hana wa kumtunza. Alilipwa shilingi laki tatu na mtu asiye wa ukoo, na kesho yake mtoto wa ndugu yake akaenda mahakama ya mwanzo kudai kwamba mauzo ni batili kwa kuwa muuzaji ni mwanamke. Akashinda. Bibi akakata rufaa akashinda, mdai naye akakata rufaa, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, Mahakama Kuu Mwanza, akasema kwamba kanuni ile inapingana na Katiba. Wanasheria wanaijua kama kesi ya Ephrahim na Pastory. Mimi naihesabu pamoja na Milka na Tirsa.

Mtu ataniuliza kuhusu nusu, na ana haki. Mwana wa kiume ana mafungu mawili ya binti. Naiandika hesabu hiyo kwa mkono wangu mwenyewe, katika nyumba ambamo binti ndiye aliyemwogesha mama na kumlisha, na kaka alikuwa akituma pole kwa simu. Najua maelezo: mume ndiye mlipa mahari, ndiye mwenye wajibu wa nyumba, mali ya mke ni yake peke yake. Maelezo hayo yana nguvu mahali ambapo wanaume wanatimiza wajibu huo, nami nimeishi Ngamiani muda wa kutosha kujua ni wangapi. Lakini sibadilishi namba. Anayenipa daftari ananiamini kwamba nitaandika kilichoandikwa. Tena, nawaambia kweli, ugomvi ninaoletewa hapa barazani kwa nadra sana huwa ni wa binti kudai sawa na kaka. Huwa ni binti kudai hata hiyo nusu, ambayo kaka anayejiita mcha Mungu ameikalia akipokea kodi za wapangaji.

Ninachokisema kwa sauti kubwa ni kingine. Mlango wa kupenda na wa kuchagua haukufungwa. Uko upande wa huku, kabla ya kifo. Nuuman bin Bashir alisimulia jinsi baba yake alivyompa zawadi, akaenda kumshuhudisha Mtume, naye akamwuliza kama amewapa watoto wake wote mfano wa hiyo. Aliposema hapana, Mtume akakataa kushuhudia. Wanazuoni wengi, na Mashafii wakiwemo, wanaona kwamba zawadi ya mzazi kwa watoto iwe sawa kwa sawa, wa kiume na wa kike. Basi baba anayesema kwamba anawapenda watoto wake wote sawa, awape akiwa mzima. Amwandikie binti chumba chake leo, kwa mkono wa leo, halafu aishi akijua kwamba chumba kile si chake tena na kodi yake haimjii. Hapo ndipo wazee wengi huniambia watafikiri. Wanataka kutoa bila kupungukiwa, na njia ya namna hiyo ni moja tu, kutoa baada ya kufa, ambayo ndiyo waliyonyimwa.

Hata yule mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, ambaye kwa faraidhi harithi kwa baba, ana mlango: hiba ya baba akiwa hai, au ile theluthi ya wasia. Nimeona theluthi ikitumika hivyo kwa siri, karatasi imefichwa kwa sheikh, na ndugu wakaijua siku ya kikao. Palikuwa na kelele. Lakini mtoto yule alitoka na kitu, pamoja na neno la baba yake lililoandikwa, na nadhani alilihitaji lile neno kuliko kile kitu.

Wapo waliotafuta njia ya katikati, wakfu wa kizazi. Mtu anaifunga nyumba isiuzwe milele, manufaa yaende kwa watoto, wajukuu, vitukuu, na wakiisha, maskini. Pwani ya Kenya na Unguja ilijaa nyumba na mashamba ya namna hiyo. Mwaka 1894 majaji wa rufaa wa London, kwa kesi iliyotoka India, waliona kwamba hiyo si sadaka, kwa kuwa maskini wamewekwa mbali mno. Na hukumu hiyo ikaja kuwabana watu wa Mombasa mpaka sheria ilipobadilishwa. Waislamu walikasirika, na kwa haki, kwa kuwa majaji wale waliwafundisha dini yao wenyewe: kumpa wa kwako kwetu ni sadaka pia. Hata hivyo nakiri kwamba swali la wale majaji linanisumbua. Anayeifunga nyumba kwa vizazi kumi, je, anatoa, au anaendelea kumiliki kwa mkono wa wajukuu? Nimeziona nyumba za wakfu ambazo kila chumba kina wenyewe kumi na wanane na hakuna wa kuziba paa.

Babu alikuwa na sura moja aliyoipita haraka, ya walaa. Ukimwacha huru mtumwa, naye akafa bila jamaa wa kumrithi, unamrithi wewe. Na ukiwa umekufa, wanamrithi asaba zako. Pangani si mbali na hapa. Watu waliuzwa pale, na kabla ya kuachwa huru walikuwa wenyewe wamo katika mafungu, robo ya mtu, sudusi ya mtu, kwa hesabu ileile ninayoipiga mimi. Wala si sisi peke yetu. Thomas Jefferson wa Marekani, aliyemwandikia rafiki yake mwaka 1789 kwamba dunia ni ya walio hai na wafu hawana mamlaka juu yake, alikuwa amerithi kupitia mkewe, baba mkwe alipofariki mwaka 1773, watumwa wapatao 135 pamoja na madeni mazito. Neno lake nalikubali; ni neno langu. Lakini walio hai aliowarithi hawakuwamo ndani yake. Hesabu ikiwa sahihi haimaanishi kwamba kinachogawiwa kilikuwa halali kugawiwa, na sijui namna ya kulisema hilo kwa wanafunzi bila kuipita ile sura haraka kama alivyofanya babu.

Katika majina ya Mungu limo Al-Waarith, Mrithi. Wote wakifa, Yeye ndiye anayebaki na mali. Hilo halinitatizi, ni mwisho wa hesabu yoyote, asaba wa mwisho. Linalonitatiza ni Pepo. Qur'ani inasema waumini watairithi Firdausi, na Biblia ya mwenzangu imejaa urithi wa namna hiyo, wapole na nchi, wenye haki na uzima. Lakini urithi unataka maiti. Nani amekufa mpaka Pepo irithiwe? Mwenyewe hafi. Wafasiri wana jibu, nalo limo katika hadithi: kila mtu amewekewa makazi mawili, moja Peponi na moja Motoni, anayeingia Motoni, yale ya Peponi yanarithiwa na walioingia.

Nilimweleza mwenzangu hili, akiwa keshastaafu naye, amekuja mjini kufuatilia pensheni. Alinyamaza, kisha akasema asingependa kukaa katika chumba cha mtu aliyeungua. Nikamwambia ndiyo maana kwenu Yesu alikataa kugawa. Akasema hapana, kwao aliyekufa anajulikana, na ni Mwenyewe. Ndiyo sababu hakuna chumba cha mtu kinachochukuliwa. Nikamwambia hilo haliwezekani, Mwenyewe hafi, na asaba wake ni nani? Akacheka, akaomba chai iongezwe sukari, tukaendelea na ubishi huo mpaka gari la Lushoto lilipokaribia kuondoka, na bado ananidai jibu kuhusu kile chumba.